Magdalene Odundo: Mfinyanzi au "Msanii wa Kauri"?



Nimekuwa nikisoma yanayoandikwa juu ya Magdalene Odundo, khasa tangu yale maonyesho yake makubwa ya Wakefield ya mwaka 2019, na kila nikisoma naona kuna kitu hakikai sawa. Si kwamba wanamtukana, la. Wanamsifu mpaka basi. Tatizo langu ni nasaba wanayompa.

Silsila yenyewe inakwenda hivi. Mwingereza Bernard Leach alisomea ufinyanzi Japani, na mwaka 1920 akarudi kwao pamoja na Mjapani Hamada Shoji, wakajenga tanuri St Ives. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, akenda Gold Coast mwaka 1942, baadaye Nijeria, akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja. Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971, akamjua Cardew, naye akamwelekeza Abuja. Basi wameshamaliza: Japani, St Ives, Abuja, Farnham. Isnadi imetimia, na bibi wa Kikenya amekuwa mjukuu wa Wajapani.

Mie nasema isnadi hii ina mpokezi dhaifu. Tazameni kazi zenyewe. Hamada na Leach walifinyanga kwa gurudumu, wakapaka ile dawa inayoyeyuka motoni ikawa kama kioo, na walitengeneza mabakuli, sahani na birika, vyombo vya kutumika mezani. Odundo hatumii gurudumu na hapaki kioo. Anainua chungu kwa kamba za udongo kwa mkono, anakwangua, anasugua mpaka kinang'aa, anapaka tope laini sana, anasugua tena, kisha anachoma. Moto wa kwanza ukipata hewa chungu hutoka chekundu cha machungwa. Akitaka cheusi anakichoma mara ya pili kwenye moshi, hewa imebanwa. Hayo hakuyapata kwa Leach. Aliyapata kwa wanawake: kwa Ladi Kwali na wenzake wa Abuja, na baadaye kwa wafinyanzi wa San Ildefonso huko New Mexico, kwao Maria Martinez. Na mwanamme mmoja lazima atajwe, Siddig El Nigoumi, Msudani aliyefundisha Farnham, ambaye naye alikuwa akisugua na kufukiza vyungu vyake. Huyo kwenye makala za Kiingereza hupata mstari mmoja, akibahatika.

Hapa ndipo Japani inapokuwa na faida kwetu, lakini kwa njia nyengine kabisa. Kule jadi ya tanuri ilikuwa ya wanaume, na wanawake walikuwa hawaruhusiwi kukaribia tanuri. Mwaka 1957 ndipo Tsuboi Asuka na wenzake walipounda chama cha wanawake wafinyanzi mjini Kyoto. Serikali ilipoanza kutoa cheo cha "hazina hai ya taifa" mwaka 1955, wafinyanzi wa mwanzo walikuwa wanne, Hamada akiwa mmoja wao, na wote wanaume. Kwetu mambo ni kinyume. Pemba, Usangi kule Upare, Wakisi wa Ziwa Nyasa, udongo ni kazi ya wanawake. Odundo hakuhitaji kuvunja mlango wa mtu ili aingie kwenye ufinyanzi. Mlango aliouvunja ni wa makumbusho, na huo ulikuwa umefungwa kwa sababu nyengine.

Kuna jambo jengine la Wajapani linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Yanagi Soetsu, rafiki wa Leach na Hamada, alihubiri uzuri wa fundi asiyejulikana jina. Hamada mwenyewe hakuwa akitia sahihi kwenye vyombo vyake. Vizuri, lakini aliandika jina kwenye sanduku la mbao linalobeba chombo! Fundi asiye na jina akawafanya wengine watatu wawe na majina makubwa. Bakuli analolisifu Yanagi kuliko yote, lile la Kizaemon lililohifadhiwa hekaluni Kyoto, lilikuwa bakuli la mkulima wa Korea. Wajapani walilichukua kwa ajili ya chai, wakalipa jina la mfanyabiashara aliyekuwa nalo. Aliyelifinyanga hatajwi.

Kabla hatujawacheka, tujiangalie. Wazee wetu wa mwambao walichukua mabakuli ya Kichina wakayapachika kwenye makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui. Chungu cha nyumbani kikabaki jikoni. Siku hizi wachimbuaji wa mambo ya kale wanaihesabu miaka ya Shanga na Manda kwa vigae vya vyungu vile vile vya jikoni, wala hakuna aliyewahi kuuliza bibi gani alivifinyanga. Tulikienzi cha mgeni, chetu tukakitia masizi. Kwa hiyo ninapowasikia wenzetu wakisema "Odundo ni Mwingereza, hana lake kwetu", nauliza, lini sisi tulimtaka?

Ila naye nina neno naye. Vyungu vyake havitiwi maji. Vingi havina hata jina, na vyengine vimepewa jina refu la kueleza umbo na rangi tu, kama karani wa bohari aliyeviandikisha. Minadani vimeuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Mtungi ambao haujapozesha maji unanitia wasiwasi kidogo, nakiri. Lakini nikitazama shingo inavyopinda na tumbo linavyovimba upande mmoja, wasiwasi unapungua. Wahakiki wanaandika kama wamegundua jambo: vyungu hivi vinafanana na mwili wa mwanamke! Jamani, mtoto yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako. Lugha ilishauhakiki zamani.

Na hapo nakuja kwenye lile la kichwa cha habari. Wengi humwita "msanii wa kauri". Kauri ni kile cheupe cha Kichina, kilicho kama kioo. Odundo ni udongo mtupu. Neno "mfinyanzi" lipo, lina kitenzi chake na methali yake ya kulia gaeni. Kwa nini tunalikimbia? Kwa sababu linanuka jiko, basi. Mwenyewe amepata ngazi ya Dame mwaka 2020 na bado anafinyanga.

Kutoka hapa Samail mpaka Bahla ni zaidi ya saa moja kwa gari. Kule wafinyanzi ni wanaume, kwa gurudumu, kwa udongo wa wadi, na mitungi yao ya kupozea maji imetundikwa kwenye nyumba za watalii zaidi kuliko za wenyewe. Majina ya hatua zao kwa Kiarabu nimeanza kuyaandika. Ya Pemba sina yote: kokoto ya kusugulia inaitwaje, na chungu kilichosuguliwa kabla ya kuchomwa kinaitwaje? Mwenye bibi aliyekuwa akifinyanga na ayaandike hapa, hata kama ni neno moja.