Mboji ya Uyoga Haiozeshwi, Hupikwa

Uyoga mweupe wa kifungo, Agaricus bisporus, haujitengenezei chakula kwa jua kama mchicha. Hula mabua yaliyokwisha kulainishwa na vijidudu. Shida ni kwamba mabua hayo yanapendwa pia na kila ukungu unaopita. Kwa hiyo anayeandaa mboji anatafuta chakula ambacho uyoga utakiweza na wapinzani wake watakishindwa.

Wakulima wa zamani waliacha samadi ya farasi ivunde nje kwa karibu mwezi mzima. Mwaka 1950, James Sinden na Edith Hauser walieleza njia fupi: siku chache nje, kisha kazi imaliziwe ndani ya chumba. Hoja yao ilikuwa na uzito. Kila siku inayozidi kule nje, vijidudu vinakula akiba ya uyoga.

Nje, mabua ya ngano hulowanishwa na kuchanganywa na samadi ya kuku pamoja na jasi, ambayo huzuia mboji isinate. Katikati ya rundo joto hufika nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Hupinduliwa ili hewa iingie na yaliyokuwa pembeni nayo yaivie katikati. Harufu ya amonia hapo huchoma macho, na wala si kosa.

Kosa ni kupanda ikiwa bado ipo. Ndani ya chumba, mboji hukaa kwenye nyuzi 58 hadi 60 kwa saa kadhaa ili wadudu na minyoo wafe, halafu hushushwa hadi kati ya 45 na 50 kwa siku kadhaa. Kwangu mimi, hapa ndipo mavuno yanapoamuliwa. Bakteria na kuvu wapenda joto huila amonia na kuijengea miili yao, na baadaye uyoga huwala wao. Sumu imegeuka chakula. Chota mboji mkononi: mabua ya hudhurungi yana madoa meupe kama yamenyunyiziwa majivu. Kamua: kiganja kinalowa, tone moja au mawili yanachungulia kati ya vidole. Nusa: amonia ikisikika, hata kidogo, mbegu zisubiri.

Mbegu zikishapandwa na nyuzi za uyoga zikaenea, baada ya wiki mbili hivi kwenye joto la nyuzi 25, mboji hufunikwa kwa tabaka la sentimita 4 hadi 5 la udongo wa kinamasi uliotiwa chokaa. Tabaka hilo halina chakula cha maana. Linashika maji, na uyoga ni maji kwa takriban asilimia 90. Lakini kazi yake nyingine husahaulika mno: bakteria wake, hasa wa jamii ya Pseudomonas, hula hewa zinazotolewa na nyuzi zenyewe, zile zinazozizuia kuzaa. Ndiyo maana udongo uliochemshwa mpaka ukafa kabisa huzaa kidogo sana. Mvuke wa nyuzi 60 hivi unatosha kuusafisha.

Kisha joto hushushwa hadi karibu 18, hewa safi huingizwa, na vichwa vidogo kama punje za mtama hutokeza.

Anayeanza na fedha kidogo, anunue kwanza kipimajoto kirefu cha kuchomeka katikati ya rundo. Bila hicho, atakuwa anabahatisha kila hatua.