Neno "Kimbunga" na Pepo za Tarime na Serengeti

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo usio wake katika habari za hali ya hewa, neno kimbunga linaongoza. Hutumika kwa dhoruba ya baharini, kwa nguzo ya upepo ining'iniayo kutoka wingu moja, kwa vumbi lizungukalo uwanjani, na hata kwa upepo wa mvua ulioezua mabati ya shule. Katika wilaya za Tarime na Serengeti jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Linagusa usalama wa watu.

Tutazame kwanza mifano ya Marekani. Tarehe 8 Septemba 1900 mji wa Galveston, katika jimbo la Texas, ulipigwa na dhoruba iliyotoka baharini; waliokufa hawakupungua 6,000. Tarehe 18 Machi 1925 nguzo ya upepo ilipita Missouri, Illinois na Indiana kwa muda wa saa 3 na nusu, ikaua watu 695. Mfasiri wa Kiswahili huyaita yote mawili kimbunga, na msomaji hudhani kuwa ni msiba wa aina moja. Lakini dhoruba ya kwanza hulelewa na maji ya bahari yenye joto, upana wake ni mamia ya kilomita, na siku hizi huonekana siku kadhaa kabla haijafika. Ya pili huzaliwa na wingu la radi, upana wake mara nyingi haufiki kilomita moja, na ilani yake ni ya dakika tu.

Ile ya kwanza tunaijua. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa kwa wingi. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024. Dhoruba za namna hiyo haziwezi kufika Mugumu na nguvu zake: mji huo uko zaidi ya kilomita 500 kutoka pwani, tena karibu mno na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia haupindi upepo kiasi cha kuufanya duara.

Basi mkulima wa Nyamongo asikiaye redioni kwamba kimbunga kinakuja hutishwa bure, na akitishwa bure mara mbili, mara ya tatu hasikilizi. Ilhali upepo umhusuo hasa, ule ushukao kutoka mawingu ya alasiri pale hewa ya Ziwa Viktoria inapopanda nyanda za juu za Tarime, hautajwi kwa jina lake.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunalo kisulisuli, tunalo chamchela, tunalo tufani (neno ambalo Mushi aliipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, na alichagua vyema, kwani dhoruba ile ni ya baharini). Kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kulizoeza neno kimbunga kwa dhoruba za bahari zipewazo majina, hatuoni faida ya kulipokonya. Tunapendekeza libaki huko peke yake. Nguzo ya upepo iitwe kisulisuli. Vumbi lizungukalo, chamchela. Na ule ushukao na mvua, upepo wa radi. Hili la mwisho litapingwa, maana kwa wengi radi ni ule moto upigao mti. Hata hivyo laonyesha hatari inakotoka.

Elnino nayo yastahili makala yake. Tangu mvua za 1997-98 kila mafuriko huitwa hivyo, hata yale ya vuli ya 2019, ambayo chanzo chake kikubwa kilikuwa joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Wasomaji wasemao Kikurya, Kingoreme na Kiikoma tunawaomba watuletee majina ya pepo hizi katika lugha zao, pamoja na saa, msimu na upande zinakotoka, kwani jina lisilo na maelezo hayo halitusaidii kuchagua.