Hongera, Walezi wa Beni na Butembo

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, watu wa Beni na Butembo walikuwa wamekwisha kuchoshwa na vita. Ugonjwa ukaja kuwanyang'anya hata yale machache yaliyobaki: kupeana mikono, kumkumbatia mfiwa, kumwosha mzazi kabla ya kumzika. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha, Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamefariki.

Hesabu hiyo haimtaji mtoto mchanga ambaye mama yake amelazwa. Lazima aangaliwe siku 21, joto lake likipimwa, na jirani gani atathubutu kumbeba? Hapo ndipo walipoingia akina mama waliopona. Miili yao ilikwisha kujijengea kinga, basi katika nyumba za malezi zilizofunguliwa kando ya vituo vya matibabu waliweza kumpakata mtoto, kumnywesha maziwa na kumwimbia mpaka alale, bila lile vazi zito linalomficha mtu toka utosini hadi nyayoni. Na hawa ndio wale wale waliozika waume na ndugu, ambao mtaani wapo waliowakwepa kana kwamba bado wanaumwa!

Chanjo ilisifiwa sana, na ilistahili. Mimi pongezi zangu za kwanza nawapa walezi hawa, waliokesha na mtoto wa mtu wasiyemjua, pengine mama yake akiwa hatarudi tena. Hongereni, akina mama, na poleni kwa mliyoyabeba.