Pongezi kwa Mafundi Pikipiki wa Mtwara

Pikipiki kuukuu ikianza kuyumba mkia kwenye kona za Mikindani, madereva wengi hulaumu tairi. Fundi wa Mtwara hana haraka. Huisimamisha kwa stendi kubwa, akashika gurudumu la nyuma na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, anajua: ama beringi zimekwisha, ama bushi za mkono unaolibeba gurudumu zimelika. Kisha hukandamiza siti. Ikirukaruka badala ya kutulia, shokapu zimemwaga oili, zimebaki springi tupu.

Honda CG125, pikipiki ya tangu miaka ya 1970, ina shokapu mbili nyuma. Moja ikifa hubadilishwa zote, la sivyo pikipiki huelemea upande. Na mizigo ya huku si haba: magunia ya korosho, ndoo za samaki. Njia ya Msimbati ina mchanga, na chumvi ya bahari hula vyuma. Nawaheshimu mafundi hawa hasa kwa hatua ya mwisho, kunyoosha gurudumu lilingane na cheni, kazi ambayo abiria haioni ingawa uhai wake umo humo.

Dereva, ukiambiwa bushi zimekwisha, usiombe nati zikazwe tu uondoke. Mlipe fundi azibadilishe.