Kasha la Mwalimu Asiyekuwepo

Katika shule nyingi za msingi za Marekani mwalimu wa sanaa ni mmoja tu, na karibu shule nzima hupita chumbani mwake. Wakitoka watoto wa miaka mitano wanaojifunza kushika mkasi, huingia wa miaka kumi wenye vinyago vya karatasi vilivyofika nusu, na katikati hapo hakuna muda hata wa kufuta meza. Sasa mwalimu huyo aamke na homa. Ofisi itatafuta mtu wa kumshikia vipindi, na atakayepatikana huenda akawa mstaafu wa hesabu, kijana wa chuo, au mhamiaji kutoka kwetu anayesubiri vyeti vyake vitambuliwe. Majimbo mengi hayamdai mtu huyo mafunzo ya ualimu, seuze ya sanaa. Anafika, anaonyeshwa mlango, kengele inalia.

Mimi humpima mwalimu wa sanaa kwa siku hiyo kuliko kwa picha zilizobandikwa ukumbini. Picha nzuri huenda ni kipaji cha mtoto. Lakini darasa linalokwenda bila mwenyewe lazima mtu alikaa akalifikiria.

Kufikiria huko huanza mapema, shule ikiwa bado tupu, na huanza kwa kuondoa. Visu vya kukatia karatasi huhesabiwa, vikafungiwa. Gilotini, ile mashine yenye upanga mrefu, hutiwa kufuli. Tanuri la kuchomea udongo hubandikwa karatasi yenye neno moja tu: usiguse. Tanuri hilo hupanda hadi nyuzi 1,000 na zaidi. Likifunguliwa kabla halijapoa vyombo vinaweza kupasuka, na chungu kikiingizwa na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukilipua pamoja na vya jirani. Kwa hiyo udongo haumo katika mipango ya siku hiyo. Kadhalika rangi za maji, kwa sababu si upakaji unaomshinda mgeni: ni zile dakika za mwisho, watoto zaidi ya ishirini kwenye sinki mbili, na picha mbichi zinazotafuta nafasi kwenye kichanja cha kukaushia.

Kinachobaki huingia kwenye kasha la plastiki lenye maandishi makubwa ubavuni, linalowekwa mezani waziwazi, si kabatini. Penseli zimekwisha kuchongwa, maana foleni ya kichongeo inaweza kula robo ya kipindi. Karatasi zimekatwa na kufungwa mafungu, fungu moja kwa kila meza, na nyingine za ziada kwa wale wasioisha kusema wamekosea. Krayoni zimo. Gundi haimo.

Hapo ndipo mwalimu mvivu hujulikana. Yeye hutoa nakala za picha ya kipepeo, watoto wajaze rangi bila kuvuka mstari, siku ipite. Utulivu utapatikana, sikatai, ila sanaa haitakuwepo. Mwenzake hodari hutafuta zoezi la kweli ambalo ujinga wa msimamizi hauwezi kuliharibu, na mazoezi ya namna hiyo ni machache kuliko mtu anavyodhani. Miduara ndani ya miraba 12, kama mchoraji Kandinsky alivyoipaka mwaka 1913 akijaribu jinsi rangi zinavyokaa pamoja, hutumika sana. Nadhani imetumika hadi imechosha, lakini haijawahi kumwangusha mgeni.

Mimi napenda zaidi zoezi la Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha kuchora New York na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, yeye akiwa ameshafariki. Mtoto hutazama mkono wake wa kushoto, macho yakatambaa polepole ukingoni mwa kidole, penseli ikafuata mwendo uleule, na karatasi haitazamwi hata kidogo. Matokeo huwa kituko kwa kila mtu. Aliyezoea kusifiwa na aliyezoea kujificha hupata mikono iliyopinda sawasawa, na msimamizi anaweza kuketi akachora nao bila kuogopa kuumbuka. Wakati huohuo jicho linafundishwa kuona badala ya kukisia, somo ambalo wachoraji wakubwa hulirudia maisha yao yote.

Wakubwa kidogo huachiwa mchezo ambao mshairi André Breton na wenzake walikuwa wakiucheza Paris tangu mwaka 1925. Karatasi hukunjwa sehemu tatu. Wa kwanza anachora kichwa, anaficha, wa pili kiwiliwili, wa tatu miguu. Mwalimu aliye makini hukunja karatasi zote mwenyewe, akaweka vistari viwili kila mkunjo mahali shingo na kiuno vitakapoungania. Vistari hivyo vidogo ndivyo vinavyonivutia kuliko kitu kingine katika kasha zima: ameshaliona swali ambalo lingeulizwa, akalijibu kwa penseli.

Maelezo yenyewe huwa ukurasa mmoja, maana mgeni hana muda wa kusoma kitabu mlangoni. Mna ramani ya viti, na kando ya majina yanayotatiza, jinsi ya kuyatamka. Mna majibu ya mapema kwa wajanja, kwa kuwa watoto wa pande zote za dunia wanaijua ile ya “mwalimu wetu huwa anaturuhusu”: kinachoruhusiwa kimeandikwa, basi. Mna jina la mwanafunzi anayejua mikasi inakaa wapi na haoni fahari kusema. Mna mtoto wa kuketishwa karibu na mlango, bila sababu kutajwa, kwani mgeni anahitaji kujua kiti, hahitaji kujua nyumbani kwao kuna nini.

Chini ya ukurasa huachwa nafasi tupu ya msimamizi kuandika yaliyotokea. Mwalimu akirudi huanzia hapo. Akisoma kwamba kundi la tatu lilimaliza mapema likaanza kurushiana krayoni, hawaiti watoto kwanza. Anachukua karatasi, anaongeza zoezi la pili kwa ajili ya wanaomaliza haraka, na ukurasa wa zamani anautupa.