Kasa wa Urashima: Kuwajuza Watoto wa Pwani Utamaduni wa Kijapani

Vitabu vinavyowajuza watoto utamaduni wa Kijapani aghalabu huanza na kimono, vijiti vya kulia na maua ya mcheri. Makala haya yanashikilia kwamba kwa mtoto wa Malindi au Kilifi, ngano ya Urashima Taro ni mlango ulio bora zaidi.

Urashima, mvuvi, anamwokoa kasa anayeteswa na watoto, kisha anapelekwa kwenye kasri la baharini. Arejeapo kwao, karne zimepita. Anapofungua kisanduku alichokatazwa, anazeeka papo hapo. Mtoto wa Watamu, ambako kasa hupanda ufuoni kutaga mayai na wavuvi huwaachilia walionaswa nyavuni, hahitaji kufafanuliwa mandhari haya.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kutahadhari. Katika Nihon Shoki, tarihi ya mwaka 720, hakuna watoto watesaji: mvuvi anamvua kasa, naye anageuka mwanamke. Huruma iliingia baadaye, ikakita mizizi ngano ilipoandikiwa watoto, kama alivyofanya Iwaya Sazanami katika miaka ya 1890. Kwa hiyo, kinachoitwa mila ni zao la uteuzi wa wasimulizi, sawa na katika ngano zetu.

Lakini hata huruma hiyo haikuufuta mwisho: mtenda wema anapoteza kila kitu. Mfasiri atakayeulainisha ili apate funzo atawanyima watoto swali ambalo jamii ya mabaharia inalielewa vyema: arudiye akiwa amechelewa, hurudi kwa nani?