Kuipima Kazi ya Fundi wa Paa Linalovuja

Fundi akija kukagua dari inayovuja, angalia anakoanzia. Akilikodolea doa na kukutajia bei ya rangi, mpe chai, umuage. Akiulizia ngazi, tochi na mlango wa kupandia darini, mketi mzungumze. Maji hufuata mkondo: huingia kwenye tundu la msumari karibu na kofia, hutambaa chini ya bati, hushika papi, hushuka na kenchi, kisha hudondoka sebuleni, mbali na yalikoingilia.

Kulisoma doa

Doa la hudhurungi lenye duara ndani ya duara ni la siku nyingi: limelowa, likakauka, likalowa tena. Linalobaki bichi hata kiangazi halitokani na mvua. Kagua tangi na mabomba yanayopita darini. Kwenye baridi ya Njombe na Mufindi, bati lenyewe hutoa jasho usiku, na asubuhi likadondosha bila hata wingu. Hapo dawa ni matundu ya kupitishia hewa, wala si gundi.

Jipsamu ikifura, usingoje fundi. Zima umeme kwenye meinswichi, tega ndoo, toboa kwa bisibisi pale palipobonyea zaidi. Maji yakikaa, yataangusha bodi nzima.

Kulitafuta tundu

Fundi mwenye subira hupanda darini jua likiwa kali, akafunga mlango na kungoja macho yazoee giza. Tundu lililo wazi litang'aa kama nyota. Lisipoonekana, mmoja hubaki ndani na tochi, mwenzake hupanda juu na mpira wa maji, akimwagia kuanzia chini ya paa, akipanda taratibu. Anayeanzia kileleni hulowesha paa zima, asijue maji yameingilia wapi.

Kuipima kazi

Msumari ukae kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanakopita maji, na mpira chini ya kichwa chake ubane bila kupasuka. Uliolegea haugongwi upya kwenye tundu lilelile lililopanuka. Fundi stadi huung'oa, akaweka skrubu nene zaidi yenye mpira.

Tazama na mabati yanavyopishana: ubavuni walau mgongo mmoja na nusu, na la juu lilifunike la chini kwa sentimita 15 au zaidi, hasa paa likiwa limelala. Pwani kuna jambo la ziada. Mvua za masika huja na kusi, kwa hiyo mdomo wa pishano la ubavuni usielekee upepo unakotoka.

Lami iliyobandikwa juu ya tundu inafaa kusogeza siku tu. Jua huikausha ikapasuka, na vuli huiumbua. Kazi ya kudumu huyapa maji njia ya kushukia. Ndiyo maana fundi makini husafisha pia majani mferejini kabla ya kushuka ngazi.

Malipo na rangi

Patana mapema kwamba sehemu ya fedha itabaki hadi mvua kubwa mbili tatu zipite na dari iwe kavu. Rangi ije mwisho kabisa. Lifunike doa kwanza kwa rangi ya mafuta, kwa kuwa ya maji peke yake huliacha lipenye tena.